Mtikisiko wa madaraja ya waenda kwa miguu: njia ipi ya kuupima inakufaa?

Chukua madaraja mawili ya waenda kwa miguu. Yote yana mita 40 kutoka nguzo hadi nguzo na upana wa mita 3, na yote hutikisika juu na chini mara 2 kwa sekunde. La kwanza ni la chuma chepesi, kilo 1,200 kwa kila mita ya urefu. La pili ni la zege, kilo 5,000 kwa mita. Mhandisi anayeangalia masafa peke yake, yaani daraja linatikisika mara ngapi kwa sekunde, atakwambia yote mawili yana shida ileile. Anayetumia kanuni ya zamani ya Uingereza ataweka muhuri kwenye yote mawili. Anayetumia mwongozo wa Ufaransa atalipa la zege starehe ya wastani, na la chuma atalikataa kabisa.

Wote watatu wamepiga hesabu sawasawa, ila kila mmoja amejibu swali lake. Nitabaki na madaraja haya mawili karibu hadi mwisho, maana mjadala wa njia za kupima mtetemo huelea hewani mpaka mtu aweke tarakimu.

Mguu unasukuma kiasi gani

Watu wengi hupiga kati ya hatua 1.6 na 2.4 kwa sekunde, na katikati ya kundi ni karibu 2. Kwa mtu wa uzito wa nyutoni 700, ile sehemu ya nguvu inayopanda na kushuka kwa kila hatua huchukuliwa kuwa nyutoni 280. Nguvu ya upande kwa upande ni ndogo mno, nyutoni 35 tu, na huja kwa nusu ya mwendo, karibu mara 1 kwa sekunde, kwa kuwa mguu wa kushoto unasukuma huku na wa kulia kule. Mkimbiaji huanzia hatua 2 na kitu hadi 3.5 kwa sekunde, na nguvu yake ni kubwa zaidi.

Daraja ambalo masafa yake ya asili yanaangukia kwenye hatua hizo hupokea msukumo mpya kila linapokuwa tayari kuupokea, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Kinacholizuia lisiendelee kupanda ni ufifishaji, yaani uwezo wa muundo wenyewe kula nishati ya mtetemo. Kwenye chuma uwezo huo ni haba: wastani unaotumika kwenye usanifu ni 0.4%, na kiwango cha chini ni 0.2%. Zege lililovutwa kwa nyaya hupewa 1%. Zikumbuke asilimia hizo, kwa sababu ndizo zitakazoamua kesi.

Njia ya masafa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote: kokotoa masafa, na yakiwa nje ya eneo la hatari, funga faili. EN 1990, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa miundo, inataka starehe ya watembeaji ihakikishwe endapo masafa ya juu na chini hayafiki 5 Hz (Hz 1 ni mara 1 kwa sekunde), au ya upande na ya kujipinda hayafiki 2.5 Hz. Mwongozo wa Sétra, uliotolewa Ufaransa mwaka 2006, unaligawa eneo hilo kwa ngazi: kati ya 1.7 na 2.1 Hz ndiko kubaya zaidi, hatari hupungua kadiri unavyotoka pande zote mbili, na juu ya 5 Hz unaachwa kwa amani.

Kwa boriti ya kawaida huhitaji hata kompyuta. Chukua namba 18, igawanye kwa kipeuo cha pili cha mdidimio, kwa milimita, ambao daraja linaupata kwa uzito wake lenyewe. Likididimia milimita 80, kipeuo ni karibu 9, na masafa ni 2 Hz. Huwa naifanya hesabu hii kabla ya kufungua programu yoyote, na mara kadhaa imenionyesha kuwa aliyejenga modeli alikosea vizio.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inakuruhusu kuacha mapema. Ubaya wake umeshauona: haijui uzito wala ufifishaji, kwa hiyo madaraja yetu mawili inayaona mapacha. Tena ukiifanya amri, utajikuta unanenepesha boriti bure. Kuyapeleka masafa kutoka 2 hadi 5 Hz bila kuongeza uzito kunadai ugumu zaidi ya mara sita, kwa kuwa masafa hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu. Itumie kama chujio, basi.

Mtu mmoja kwenye karatasi

Kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 5400, ilimtembeza mtu mmoja mwenye nguvu ya nyutoni 180 zinazopanda na kushuka, kwa mwendo wa mita 0.9 mara masafa ya daraja kila sekunde. Kikomo cha mchapuko, yaani jinsi kasi ya sakafu inavyobadilika kila sekunde, kilikuwa nusu ya kipeuo cha pili cha masafa, na kwa 2 Hz hiyo ni 0.71 m/s².

Nimemtembeza mtu huyo kwenye daraja letu la chuma kwa ufifishaji wa 0.4%. Anafika ng'ambo akiwa ameliacha likitikisika kwa takriban 0.43 m/s². Limepita, na akiba ipo. Nikimbadilisha nikaweka nyutoni 280 na mwendo wa kawaida wa mita 1.5 kwa sekunde, napata karibu 0.74. Ukiligawa tu 280 kwa ufifishaji na uzito, bila kujali kwamba mtu anahama, utapata 1.46, maradufu ya ukweli: mtembeaji hutoka katikati ya daraja kabla mtetemo haujafika kileleni. Kwenye la zege mtu huyohuyo anatoa kama 0.11, ambayo wengi hawataihisi.

Bado naipenda njia hii kwa madaraja ya vijijini na njia za misituni, ambako watu wawili kukutana katikati ni tukio. Kwingineko inadanganya, na inadanganya kwa upande wa hatari.

Umati

Hapa ndipo Sétra na HIVOSS, mwongozo wa Ulaya uliofuata mwaka 2008, wanapofanya kazi yao. Wazo ni moja: watu 60 hawasukumi kama mtu mmoja mara 60, kwa sababu kila mmoja ana hatua zake na mengi wanayofanya yanafutana. Wanasukuma kama kundi dogo la watu wanaokwenda sare. Mradi msongamano haujafika mtu 1 kwa mita mraba, idadi ya kundi hilo ni 10.8 mara kipeuo cha pili cha zao la idadi ya watu na ufifishaji. Kuanzia hapo na kuendelea hakuna anayechagua mwendo wake, na kanuni inabadilika kuwa 1.85 mara kipeuo cha pili cha idadi.

Twende darajani. Mita 40 kwa 3 ni mita mraba 120, na kwa nusu mtu kwa mita mraba tunapata watu 60. Kwenye chuma wanakuwa sawa na watu 5.3 wanaokwenda sare, na kwenye zege 8.4. Mzigo wao unasambazwa sakafu nzima na kusukuma kufuata umbo la mtetemo, yaani jinsi sakafu inavyojikunja ikitikisika, na uzito wa watu wenyewe unajumlishwa kwenye wa daraja. Matokeo, kwa m/s²:

| | Chuma | Zege |
|---|---|---|
| Ufifishaji | 0.4% | 1% |
| Mtu mmoja, nyutoni 280 | 0.74 | 0.11 |
| Watu 60 | 4.5 | 0.73 |

EN 1990 inapendekeza kikomo cha 0.7 kwa mtetemo wa juu na chini. Sétra haitoi kikomo kimoja. Inatoa ngazi za starehe: chini ya 0.5 ni starehe kamili, hadi 1 ni ya wastani, hadi 2.5 ni ya kuvumilia, na zaidi ya hapo haikubaliki. La zege liko ngazi ya pili. La chuma limepita hata ngazi ya mwisho, na ni daraja lilelile ambalo kanuni ya mtu mmoja ililipa 0.43 na baraka zake.

Je, litatikisika kweli kwa 4.5? Siamini. Miili ya watu hula sehemu ya mtetemo wa juu na chini, na sakafu ikishaanza kuruka mtu hawezi kushika hatua zake. Modeli hizi huwa zinazidisha, hasa kwa madaraja mepesi. Lakini hata ukikata nusu, bado una 2.2, na hakuna mwenye daraja atakayefurahia kusikia hivyo siku ya uzinduzi.

Kati ya Sétra na HIVOSS, hesabu za umati ni karibu zilezile. Tofauti iko kwenye mazungumzo. Sétra inalipangia daraja kundi lake la matumizi na msongamano unatoka hapo: 0.5, 0.8 au mtu 1 kwa mita mraba. HIVOSS inakutaka ukae na mwenye daraja mkubaliane: siku za kawaida watapita wangapi, siku ya sherehe wangapi, na kila hali ipewe kiwango chake cha starehe. Mteja akiwa msikivu nachagua HIVOSS, kwa sababu inamlazimisha aseme kama yuko tayari kuvumilia mtikisiko siku moja kwa mwaka. Mteja asiyetaka mikutano, Sétra inatosha.

Kiambatisho cha Uingereza kwenye EN 1991-2, kanuni ya Ulaya ya mizigo ya madaraja, kilichoichukua nafasi ya kanuni ya zamani, kina kazi zaidi lakini kina mambo mawili ambayo wenzake wanayapitia juujuu. Kinahesabu wakimbiaji, kwa nyutoni 910, na kinabadilisha kikomo kulingana na mahali. Kikomo huanzia 1 na kuzidishwa kwa matumizi ya daraja, kuwapo kwa njia nyingine, kimo chake na mazingira yake, lakini hakishuki chini ya 0.5 wala kupanda juu ya 2. Daraja la kuingilia hospitali linabanwa. La kwenye njia ya matembezi porini linaachiwa. Kama daraja lako liko kwenye njia ya wanaofanya mazoezi asubuhi, anzia hapa.

Namba inayozizidi njia zote

Rudi kwenye lile la chuma na ubadilishe kitu kimoja tu: badala ya 0.4% weka 0.2%, ambayo pia ni namba halali ya mwongozo. Zile 4.5 zinakuwa 6.4. Weka 0.8% na zinashuka hadi 3.2. Hakuna mabishano kati ya Sétra na Waingereza yatakayokupa pengo la ukubwa huo. Kwa hiyo anayeniuliza anunue programu gani ya kisasa zaidi, namuuliza kwanza ufifishaji wake ameutoa wapi. Mara nyingi ameutoa kwenye jedwali.

Kama daraja bado ni mchoro, jedwali ndilo ulilonalo, na cha maana ni kupiga hesabu mara mbili, kwa wastani na kwa kiwango cha chini. Kama limeshajengwa, hesabu za karatasini ziweke pembeni, nenda ukalipime.

Si lazima uanze na vifaa vya gharama. Niliwahi kuitwa kwenye daraja la chuma ambalo ripoti yake ilikuwa na kurasa nyingi za michoro ya rangi na ufifishaji wa 1%, namba iliyofaa zege. Tulifunga kipima-mchapuko kimoja katikati ya sakafu kwa mkanda wa gundi. Kijana mmoja akaruka papo hapo kwa kufuata mlio wa metronomu hadi sakafu ikaitikia, kisha akasimama kabisa, mikono kwenye vyuma vya pembeni. Tukahesabu vilele kwenye skrini hadi kimo kikapungua nusu: 31. Gawanya 0.11 kwa idadi hiyo upate ufifishaji, nasi tukapata 0.35%. Kazi nzima haikumaliza nusu saa. Kasoro yake ni kwamba yule kijana mwenyewe bado amesimama juu ya sakafu na miguu yake inakula kidogo, kwa hiyo rudia akiwa ameshaondoka kwa kudondosha mfuko wa mchanga.

Baada ya hapo panga majaribio yanayofanana na maisha ya daraja. Weka metronomu kwenye mapigo 120 kwa dakika kama masafa ni 2 Hz, pitisha mtu mmoja, halafu wanane pamoja, halafu waache watembee kila mtu kivyake. Tofauti kati ya wanane wanaokwenda sare na wanane walioachiwa huru huwa inawafumbua macho wenye daraja kuliko grafu yoyote. Simu janja itakupa masafa vizuri na itaonyesha mtikisiko mkubwa. Kwa mtetemo mdogo wa upepo na magari ya jirani, ambao wataalamu huutumia kusoma maumbo yote ya mtetemo bila kumsumbua mtu, kelele za simu huumeza.

Upande kwa upande ni kesi nyingine

Hapa wengi huteleza, kwa sababu wanaendelea kulinganisha mchapuko na kikomo. Daraja la Millennium la London lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na likafungwa siku mbili baadaye. Halikuwa na hatari ya kuanguka. Lilikuwa likiyumba upande kwa upande mpaka watu wanashika vyuma vya pembeni. Miezi michache kabla, mnamo Desemba 1999, daraja la Solférino jijini Paris lilikuwa limepata ugonjwa huohuo. Katika majaribio ya London watu waliongezwa kidogo kidogo kwenye kipande cha kaskazini. Walipofika 156 daraja lilikuwa tulivu. Wakaongezwa 10, na mtikisiko ukaanza kukua wenyewe.

Watu 10 juu ya 156! Hakuna jedwali la ngazi za starehe litakalokuonyesha kitu kama hicho. Mtu akitembea kwenye sakafu inayoyumba hutanua miguu ili asianguke, na kila anapojiweka sawa huisukuma sakafu kuelekea ilikokuwa ikienda. Ni kama kila mtembeaji amebeba shokapu inayofanya kazi kinyume. Zamani ilidhaniwa ni lazima kwanza watu waanze kwenda sare ndipo daraja liyumbe. Kazi ya mwanahisabati Igor Belykh na wenzake ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kuyumba kunaweza kuanza bila hatua kulingana kabisa.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni daraja linabeba watu wangapi kabla shokapu zao hazijaushinda ufifishaji wake. Arup, waliolisanifu daraja la London, walitoa kanuni fupi kutokana na majaribio yao: 8 mara pai, mara ufifishaji, mara masafa, mara uzito unaoshiriki kwenye umbo hilo la mtetemo kwa kilo, yote gawanya kwa 300. Inafaa kati ya 0.5 na 1 Hz. Daraja la nyaya lenye uzito shiriki wa tani 100, masafa 0.8 Hz na ufifishaji 0.7%, linavumilia watu 47. Ufifishaji ukipandishwa hadi 5%, wanakuwa 335. Sétra na HIVOSS hutumia lango la mchapuko, takriban 0.1 m/s², badala ya kuhesabu watu. Zote mbili zinafaa. Mimi naanza na idadi ya watu, kwa sababu mwenye daraja anaielewa papo hapo na anaweza hata kuisimamia mlangoni.

Ukishajua linatikisika

Kuongeza ugumu nimeshakugusia: ghali, na sura ya daraja inaharibika. Shokapu za mafuta, ndugu za zile za gari, zinashughulikia maumbo mengi ya mtetemo kwa pamoja na hazijali masafa sana, lakini zinahitaji sehemu mbili zinazokwenda tofauti ili zipate cha kubana. London ilifungwa 37 za aina hiyo, pamoja na vituliza-mtetemo vya uzani zaidi ya 50, na daraja halikufunguliwa tena hadi Februari 2002.

Kituliza cha uzani, yaani tofali la chuma linaloning'inia kwenye springi chini ya sakafu, hakihitaji pa kushikilia. Kwa kawaida uzito wake ni kati ya 1% na 5% ya uzito unaotikisika. Kwa daraja letu la chuma, ambalo nusu ya uzito wake ndiyo inayohesabiwa kutikisika, 2% ni kilo 480. Kwa la zege ni tani 2. Tatizo lake ni kwamba kimefungwa kwa masafa mamoja, na daraja jepesi halikai kwenye masafa mamoja. Likiwa tupu ni 2 Hz. Watu 60 wakipanda linashuka hadi 1.92, na wakiwa 120 linafika 1.85. La zege kwa watu 60 linashuka hadi 1.98 tu, na kituliza hakitambui kitu. Kwenye la chuma, kifungie karibu na 1.92, na ukinunua dai springi au vipande vya uzani vinavyoweza kuongezwa na kupunguzwa, kisha upime upya daraja likiwa na watu, kwa sababu masafa ya siku ya kupokea kazi hupimwa sakafu ikiwa tupu.